Pembetatu ya Fundi

Kila plasta ya mfupa uliovunjika iliyotoka katika chumba kile cha hospitali ilitoka na tarehe na alama. Tarehe ilimwonyesha daktari lini ganda lifunguliwe, na alama ilimwonyesha wa kumuuliza ikiwa kuna tatizo. Fundi aliyekwenda masomoni alikuwa akichora mistari miwili. Fundi aliyebaki alichora pembetatu ndogo kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, karibu na kiwiko au chini ya goti, mahali ambapo ingeonekana bila mgonjwa kuvuliwa nguo. Mtu wa kujitolea hakuwa na alama. Kanuni za hospitali hazikuacha shaka: mtu wa kujitolea huandaa beseni la maji, hukata bandeji, hushika mguu au mkono wakati fundi anafunga, kisha hufuta sakafu. Hafungi plasta.

Wapagazi waliokuwa wakisukuma machela walizijua kanuni hizo kama mtu mwingine yeyote, ndiyo maana walimwita Mshika Mguu. Jina lilikaa. Hata Matroni alilitumia alipokuwa na haraka. Mshika Mguu alikuwa na cheti cha mwaka mmoja cha uhudumu wa afya, ambacho kila mwajiri alikisifu kabla ya kukirudisha, na sasa alikuwa katika mwaka wa tatu wa kujitolea. Alipokuja aliambiwa kwamba hospitali huajiri watu inaowafahamu. Aliamua kufahamika.

Fundi alikuwa mwalimu mzuri. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walipenda kusema vinginevyo. Alimfundisha kuviringisha pamba bila mikunjo, kuongeza tabaka juu ya mfupa uliotokeza, kuitoa bandeji majini wakati mapovu yamekwisha na si kabla, na kuibonyeza kwa kiganja badala ya vidole, maana kidole huacha shimo na shimo huacha kidonda. Alimfundisha kubonyeza ukucha wa mgonjwa baada ya kufunga na kungoja wekundu urudi. Mwaka wa pili, alipoona mwanafunzi wake haharibu, alianza kuondoka mchana. Upande wa pili wa mji kulikuwa na zahanati ya mtu binafsi iliyomhitaji, na mchana ndio wakati iliomhitaji zaidi.

"Chora alama yangu," alimwambia siku ya kwanza alipomwachia chumba. "Ukichora yako watauliza wewe ni nani. Ukichora yangu hawaulizi kitu."

Akaichora. Mwanzoni pembetatu ilitoka imeegemea upande. Akafanya mazoezi nyuma ya katoni tupu za bandeji mpaka mistari yote mitatu ikakutana kwenye ncha.

"Hee," Fundi alisema alipoiona, akacheka. "Mbona yako imependeza kuliko yangu? Itabidi nikuige."

Habari ya nafasi ilikuja siku ya Jumatatu. Matroni alimwita ofisini, akamwonyesha kiti, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Chuo cha mafundi wa mifupa kimetupa nafasi moja," alisema. "Bodi imekubali iende kwa mtu wa kujitolea. Unasoma, unarudi hapa, unaajiriwa. Sina mwingine wa kumpeleka, lakini siwezi kumpeleka mtu kwa kuwa sina mwingine. Ijumaa nitakuja kukaa humo chumbani nione unavyofanya kazi zako. Zako, umenielewa? Halafu nitachukua neno la fundi wako. Akisema unafaa, umekwenda."

"Nashukuru, Matroni."

"Usinishukuru bado. Na huo mkoba wa begani usije nao Ijumaa, unakufanya uonekane unakwenda sokoni."

Alipompa Fundi habari hiyo, Fundi alimpa mkono. "Neno langu ulishalipata zamani, mdogo wangu. Tena nitalisema nimesimama."

Nyumbani, mama yake alikuwa amekaa kwenye cherehani akipinda pindo la sare ya shule, na kaka yake, mchomeleaji wa mageti, alikuwa ameegemea mlango akila. Nywele zake zilikuwa na vumbi la chuma.

"Daktari wa bure karudi," kaka alisema. "Vipi, leo wamekupa asante ngapi?"

"Mwache mwenzio apumzike," mama alisema bila kuinua macho.

"Mama, simsemi vibaya. Nasema miaka mitatu ni mingi. Siku wakihesabu vitanda na makabati, huyu naye watamhesabu humo humo. Watambandika namba mgongoni."

Mshika Mguu akawaeleza. Cherehani ikasimama. Kaka yake akaacha kutafuna.

"Chuo? Na wanakuajiri?"

"Nikirudi, ndiyo."

"Nani kasema? Kasema kwa mdomo au kasema kweli?"

"Matroni."

Kaka akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa akitafuta mtu wa kukaa karakana kuandika oda za wateja, na mtu huyo alitaka awe dada yake. Walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo mara kadhaa. "Haya," akasema mwisho. "Nitangoja Ijumaa ipite. Ukienda chuo, mimi mwenyewe nitakubebea sanduku. Usipokwenda, Jumatatu uko karakana, na sitaki kusikia tena habari za miguu ya watu."

"Sawa."

"Umesikia, mama? Kasema sawa."

"Nimesikia," mama alisema. Alikuwa analia, na alikuwa ameinama kwenye pindo ili asionekane.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyekuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya tangi la maji. Mifupa yote miwili ya mkono wa chini ilikuwa imevunjika. Daktari wa mifupa aliinyoosha, akaangalia picha, akampeleka chumba cha plasta, akarudi chumba cha upasuaji. Aina ya plasta alimwachia Fundi, kama kawaida.

Mkono uliovunjika asubuhi huendelea kuvimba. Kwa sababu hiyo hufungwa nusu plasta: ganda upande mmoja tu, bandeji laini juu yake, ili uvimbe upate pa kwenda. Ganda zima la kuzunguka mkono huja baadaye, uvimbe ukishapungua. Hakuna siri katika jambo hili. Fundi ndiye aliyelifundisha.

Bibi aliombwa angoje nje, maana jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Mshika Mguu alimpakata mtoto, akamgeuza uso wake ukutani na kuuegemeza kifuani kwake, kama walivyofanya kwa watoto wote ili wasitazame. Alikuwa amekwisha kukata ganda la nusu plasta kwa kipimo cha mkono ule. Lilikuwa mezani. Simu ya Fundi ililia, akaitazama, akairudisha mfukoni, kisha akachukua bandeji mpya na kuitumbukiza majini.

"Fundi, nusu iko tayari hapo."

"Naiona."

"Mkono bado unavimba."

"Nikimwekea nusu, lazima arudi Ijumaa kuwekewa nzima," Fundi alisema. Alikuwa ameanza kuzungusha. "Ijumaa asubuhi wameniita kule zahanati, nitachelewa. Nani atamfunga? Wewe, mbele ya Matroni? Unataka akukute mikono imejaa chokaa, siku aliyokuja kuona unavyoshika?"

"Anaweza kurudi Jumamosi."

"Jumamosi hatufungui. Usiniletee kesi, nakusaidia wewe hapa. Shika vizuri."

Akashika vizuri. Fundi alifunga haraka, pamba tabaka moja, ganda zima kutoka viungo vya vidole hadi juu ya kiwiko. Akachora pembetatu yake iliyoegemea kidogo, kwa sababu ganda lilikuwa bado bichi, akavua aproni na kutoka. Mshika Mguu alibonyeza kucha za mtoto. Wekundu ulirudi, polepole. Angeweza kuchukua msumeno wa plasta na kulipasua ganda lile kwa urefu, dakika ile ile. Angelipasua, Fundi angejua, na neno la Fundi lilikuwa bado halijasemwa. Alimfunga mtoto kitambaa cha shingoni, akatoka kwa bibi.

"Bibi, nisikilize. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, au mtoto akisema havisikii, usingoje. Rudi hapa hapa, hata kama ni usiku."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Rudia nilivyosema."

Bibi akarudia neno kwa neno.

Alhamisi, kabla ya chai, mlango wa chumba cha plasta ulisukumwa bila kubishwa. Bibi alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na mkono wa plasta ulining'inia mbele, juu ya bega lake. Vidole vilikuwa vimejaa na kung'aa, vyeusi kwenye ncha. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha Mshika Mguu. Fundi alikuwa hajafika. Hakuuliza mtu. Aliwasha msumeno, akalipasua ganda pande zote mbili, akakata pamba hadi kwenye ngozi, akamtuma mpagazi mbio kumwita daktari. Daktari alipofika alitazama mara moja tu, akamchukua mtoto kwa machela kwenda kumpasua ili kuondoa shinikizo. Mkono haukukatwa. Lakini misuli iliyokosa damu kwa siku nzima haiponi kama ngozi. Jioni daktari alisema vidole vitajikunja kuelekea kiganjani na vitabaki hivyo, isipokuwa mtoto apelekwe hospitali kubwa kufanyiwa upasuaji wa kano, na baada yake mazoezi ya miezi mingi.

"Kwa nini ulichelewa, bibi?" Mshika Mguu aliuliza. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. "Nilikuambia usingoje."

"Sikungoja. Nilikuja jana asubuhi, kabla hata hawajafungua dirisha. Vidole vilikuwa vya baridi kama ulivyosema."

"Ukamwona nani?"

"Nesi wa pale mapokezi. Alimtazama mkono, akanipa dawa ya maumivu. Akaniambia nirudi nyumbani, mtoto anadeka."

Nesi wa mapokezi alikuwa mwanamke mtu mzima, makini, asiyekuwa na sifa ya kudharau wagonjwa. Mshika Mguu alimkuta amekaa peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Niliangalia alama," nesi alisema kabla hajaulizwa. "Enzi za mistari miwili, ningempigia daktari hapo hapo. Zile tulikuwa tunazipasua kila wiki. Lakini hii ilikuwa pembetatu. Mwaka na zaidi sijaona pembetatu imerudi. Nikamwambia yule bibi, hii imefungwa na fundi tunayemwamini, haiwezi kubana. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu." Akajifuta uso kwa kanga aliyokuwa ameikunja mapajani. "Sasa niambie, ningejuaje?"

Mshika Mguu alibaki amesimama mlangoni akipanga mambo yalivyofuatana. Plasta ambazo hazikurudi karibu zote ni za mchana. Za mchana alifunga yeye. Nesi aliiamini pembetatu kwa sababu ya kazi yake yeye, na kwa sababu ya imani hiyo mtoto alirudishwa nyumbani. Angekuwa anafunga vibaya, mtoto yule angepasuliwa ganda Jumatano asubuhi.

Matroni hakuja Ijumaa. Aliyekuja ni Fundi, mapema kuliko siku zote, akafunga mlango kwa ndani.

"Wameitisha kikao Jumatatu," alisema. "Afisa utawala, Matroni na daktari. Watakuuliza wewe na mimi. Kaa, tuzungumze kama watu wa nyumba moja."

Hakukaa.

"Sema ulifunga wewe," Fundi alisema. "Nisikilize kwanza. Nikisema mimi, nafukuzwa. Nina watoto, unawajua, umeshakula kwangu. Ukisema wewe, watakufukuza kutoka wapi? Hujaajiriwa. Watakupa onyo, basi. Halafu fikiria: kosa la mwajiriwa ni la hospitali, kosa la mtu wa kujitolea ni lake mwenyewe. Utawala wote utapumua. Na chuo kiko pale pale. Nitasimama niseme, binti huyu ameumiza kwa kutojua, basi apelekwe akajue. Nani atakataa? Nimeshaongea na watu. Wanapenda yaishe."

"Matroni amesema hivyo?"

"Matroni hajasema hapana."

"Na mtoto?"

"Mtoto atatibiwa kama watoto wengine."

Siku hiyo hiyo Mshika Mguu alimuuliza daktari maana ya maneno hayo, na daktari, ambaye hakupenda kuzungusha, alimweleza. Kikao kikiona kwamba mwajiriwa alikosea, hospitali itampeleka mtoto hospitali kubwa na kumgharimia hadi mwisho. Kikiona kwamba mtu wa kujitolea alifanya kazi isiyokuwa yake, hospitali haihusiki. Familia itapewa pole na kuelekezwa kwenye foleni ya kawaida. Foleni ile ilikuwa ndefu kiasi kwamba kano za mtoto zingekuwa zimeshakauka.

Jumapili hakumwambia mama yake wala kaka yake chochote. Kaka alikuwa amemletea sanduku la bati alilolitengeneza mwenyewe, limepakwa rangi ya bluu, na kitasa chake kilikuwa kigumu kufunga. "Kalifanyie mazoezi," alimwambia. "Chuoni kuna wezi."

Alilifunga na kulifungua. Kabla ya kulala alikuwa ameamua. Atasema hapana. Chuo kitakwenda na maji, lakini mtoto atapelekwa.

Kikao kilikaa katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Ganda lililopasuliwa lilikuwa mezani, vipande viwili juu ya karatasi, pembetatu ikiwa upande wa juu. Bibi alikuwa nje kwenye benchi na mjukuu wake. Aliambiwa kwamba ataitwa akihitajika.

Afisa utawala alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama Mshika Mguu juu ya miwani.

"Plasta hii ulifunga wewe?"

"Hapana."

"Alifunga nani?"

"Fundi. Alama ni yake."

Afisa aligeuza kipande cha ganda, akaitazama pembetatu, akamtazama Fundi. Fundi alikuwa amekunja mikono. Afisa akachukua kalamu akaanza kuandika. Matroni alishusha pumzi na daktari akatazama saa yake. Kikao kilikuwa kimekwisha, isipokuwa kwa kutamkwa.

"Mheshimiwa," Fundi akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "sipingi. Lakini msikilize mtu mkijua ni nani. Binti huyu ni mshika mguu. Plasta haijui. Nusu na nzima hawezi kuzitofautisha. Anasema alichosikia wapagazi wanasema."

Haikujulikana kama alikuwa amepanga, au alikuwa anatapatapa. Haikuwa na haja ya kujulikana. Afisa hakuacha kuandika, maana ushahidi aliouhitaji alikuwa nao mezani. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, na Mshika Mguu alikuwa na akili. Lakini chuo alikuwa ameshakipoteza, miaka mitatu ilikuwa imekwenda, na mbele yake walikaa watu watatu ambao huenda asingewaona tena, na mmoja wao ni daktari aliyezitumia kazi zake kila siku bila kujua ni zake.

"Naijua," alisema. "Pembetatu zote za mchana ni zangu. Karibu miaka miwili sasa. Muulizeni nesi wa mapokezi kama kuna hata moja iliyorudi."

Kalamu ikasimama.

"Rudia," afisa alisema.

"Fundi huondoka saa sita. Wagonjwa wa baada ya hapo nawafunga mimi. Nachora alama yake, kwa sababu alinituma. Nyie mnasema ni kazi nzuri. Ni yangu."

"Zile plasta za mapaja? Za watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda?" daktari aliuliza.

"Ndiyo."

Daktari alimgeukia. "Ndizo plasta bora nilizowahi kuziona katika hospitali hii," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Aliyasikia maneno hayo mwilini, kama maji ya moto baada ya kunyeshewa.

"Hilo silo swali lililo mezani," afisa alisema. Akamsogezea karatasi na kalamu ya wino. "Chora alama ya Fundi."

Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Aliishika kalamu, akafikiria kuichora vibaya, na akatambua kwamba wote watatu walikuwa wanatazama mkono wake. Alichora. Akajaribu kuiegemeza kidogo, kisha akaona kuwa kuiegemeza kunaifanya ifanane zaidi na ile ya kwenye ganda, akainyoosha katikati ya mstari. Ilitoka pembetatu, kama pembetatu yoyote. Afisa aliiweka kando ya ganda. Daktari aliinama akatazama moja, akatazama nyingine, akarudi kukaa.

"Kwa hiyo alama hii inaweza kuwa yako," afisa alisema.

"Hii si yangu. Hii imefungwa saa sita, alikuwa hajaondoka."

"Nani alimwona?"

"Mimi nilikuwa nimemshika mtoto."

"Mwingine?"

"Bibi alikuwa nje. Mtoto nilikuwa nimemgeuza uso."

"Fundi?"

Fundi alikuwa ameikunjua mikono. "Mheshimiwa, mimi nilimwamini binti huyu. Sikujua kama anaitumia alama yangu nisipokuwepo. Siku ile niliondoka mapema kidogo, saa sita kasoro. Kosa langu ni hilo, na nalikubali."

Matroni alisema, kwa sauti ya chini na bila kumtazama mtu, "Binti, ungejibu ulichoulizwa tu."

Waliwatoa nje, wakawarudisha baada ya muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Afisa alisoma. Haikuthibitika ni nani aliyefunga plasta ile. Fundi anapewa onyo kwa kuondoka kazini kabla ya saa. Mtu wa kujitolea amekiri kutoa huduma asiyoruhusiwa, kwa kutumia alama ya mwingine, na anasimamishwa leo. Utaratibu wa kujitolea katika vitengo vya tiba unafutwa hadi hapo utakapopitiwa upya, na nafasi ya chuo inarejeshwa. Kwa kuwa kosa la mwajiriwa halikuthibitika, hospitali inaipa familia pole na kuishauri ifuate rufaa kwa njia ya kawaida.

Bibi hakuwa ameitwa. Alipomwona Mshika Mguu anatoka alisimama, akampisha Fundi aliyepita haraka bila kusalimia, kisha akauliza, "Wamesemaje, mwanangu?"

Mshika Mguu akamweleza, kwa maneno mepesi, bila kuruka kitu. Foleni. Rufaa. Pole.

"Si wewe ulisema hukufunga?"

"Nilisema."

"Na yule wa alama akasema kafunga yeye?"

"Hakusema. Lakini walikuwa wameshaamini ni yeye."

"Basi imekuwaje tena?" Bibi alimtazama kwa makini, kama mtu anayetazama bidhaa aliyouziwa. "Ukasema na nini kingine?"

Akamwambia hilo nalo. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akakaa tena kwenye benchi. Mtoto alikuwa amelala ameegemea pajani kwake, na mkono uliofungwa bandeji nyeupe ulikuwa juu, vidole vitatu vimeanza kujikunja.

"Kwa hiyo ulitaka wajue unajua," bibi alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na sasa wamejua."

Mpagazi alipita na machela tupu, akamwona, akafungua mdomo kumtania kama kawaida yake, akaufunga. Mshika Mguu alipiga magoti mbele ya benchi. Akaweka kiganja chake chini ya vidole vya mtoto, akavinyoosha kimoja kimoja, taratibu, hadi pale vilipokataa, akavishikilia hapo, kisha akavirudisha.

"Hivi. Asubuhi, mchana na jioni. Akilia kidogo usiache, akilia sana acha. Ukimfanyia kila siku, havitakaza upesi. Vinaweza kungoja foleni."

Bibi aliutazama mkono wake ukifanya kazi.

"Na hiyo umeruhusiwa kuifanya?"

"Hapana."

Bibi akautoa mkono wa mjukuu wake kutoka kwenye mikono ile, bila ukali, akauweka pajani. Akachukua kidole cha kwanza, akaanza kukinyoosha mwenyewe. Alikuwa anakosea, alikuwa anavuta kwenye ncha badala ya kusukuma kwenye kifundo. Mshika Mguu aliona. Alinyoosha mkono amwelekeze, na bibi, bila kuinua macho, akajigeuza upande wa pili.